Si Nguo ya Kukua Nayo: Kuchagua Jaketi la Kuelea kwa Mzamiaji Mchanga



Kila mzazi wa kwetu aliyepitisha majira ya baridi hapa Lanham anaijua hesabu ya makoti. Mtoto ana miaka minane, basi hununuliwa koti la mtoto wa miaka kumi. Mikono hukunjwa, mwaka wa pili hukunjuliwa, na mwaka wa tatu koti humwendea mdogo wake likiwa bado zima. Ni hesabu ya busara, na wengi wetu tumelelewa nayo tangu huko kwetu, ambako sare ya shule ilishonwa na pindo refu la kufumuliwa kila mwaka. Leo nimekusudia kuzungumzia vazi moja ambalo hesabu hiyo haifai hata chembe. Yule anayelivaa likiwa kubwa hapatwi na aibu ya kuchekwa na wenzake; hupatwa na kitu kibaya zaidi, naye yuko chini ya maji.

Vazi hilo ni jaketi la kuelea wanalovaa wazamiaji wanaotumia mitungi ya hewa. Nimeona ni vyema kuliandikia kwa kuwa vijana wetu wanaojifunza mchezo huu hawazidi kupungua. Hujifunza hapa katika mabwawa ya kuogelea ya kaunti, kisha wakati wa likizo wanapokwenda kuwaona mababu na mabibi Unguja, Pemba, Mombasa au Muscat, hutaka kuingia katika bahari ile ile ambayo wazazi wao waliitazama juu tu. Binti yangu mwenye miaka 14 ni mmoja wao. Na mimi baba mtu, niliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na nikafika utu uzima bila ya kupata kuona lililo chini ya ngalawa, nimejifunza uzeeni kwa sababu yake.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Jaketi la kuelea ni mfano wa kizibao, na ndani yake mna kibofu cha hewa. Mgongoni hufungwa mtungi. Kutoka mtungini huja mpira mwembamba unaofika begani kwa kushoto, nao una vitufe viwili: kimoja huingiza hewa kibofuni, cha pili huitoa. Mzamiaji akiwa juu ya maji hulijaza jaketi ili apumzike bila ya kupiga miguu. Akitaka kushuka huitoa hewa. Akiwa chini huongeza kidogo kidogo mpaka afikie hali ya kutozama wala kutopanda, akabaki ananing'inia katikati ya maji kama samaki aliyelala. Hali hiyo ndiyo sanaa yote ya uzamiaji. Mengine ni vyombo.

Wazamiaji wa kwanza wa mitungi hawakuwa na kitu hiki. Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo chao cha kupumulia mwaka 1943, na kwa miaka mingi waliofuata njia yao walitegemea mapafu yao na vipande vya risasi kiunoni. Hapa jirani yetu, Washington, Dk. Albert José Jones alianzisha mwaka 1959 chama cha wazamiaji weusi kiitwacho Underwater Adventure Seekers, katika zama ambazo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika mabwawa mengi ya kuogelea ya nchi hii. Miaka miwili baadaye, mwaka 1961, Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, akatoa boya la kuvaa shingoni ambalo mzamiaji aliweza kulijaza hewa. Jaketi lenye umbo la kizibao lilikuja mwaka 1971 kutoka kampuni ya Scubapro. Dk. Jones huyo huyo alishiriki kuanzisha mwaka 1991 jumuiya ya taifa ya wazamiaji weusi. Nayataja haya kwa sababu nimewasikia baadhi ya wazee wetu wakisema kwamba kuzamia ni mchezo wa Wazungu. Sivyo, na ushahidi uko mwendo wa treni chache tu kutoka kituo cha New Carrollton.

Sasa nirudi kwenye hesabu ya koti.

Jaketi langu la kwanza nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Lilikuwa safi, bei yake haikufika robo ya bei ya dukani, na lilikuwa kubwa kunizidi kwa saizi moja au mbili. Nikasema moyoni: kubwa ni bora kuliko dogo, na mikanda ipo ya kukazia. Bwawani halikunisumbua sana, maana futi kumi za maji ya uvuguvugu husamehe mengi. Kisha tukapelekwa Pennsylvania, kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji, ambako wanafunzi wa pande hizi hupelekwa sana kwa kuwa maji ya Ghuba ya Chesapeake ni ya matope na mtu haoni hata kiganja chake. Nikaruka, nikabonyeza kitufe cha kujaza. Jaketi likajaa, likapanda juu. Mimi nikabaki pale pale chini. Mabega yake yalifika masikioni mwangu, kola ikanisukuma kidevu, mtungi ukalala upande ukinivuta kichalichali. Kifua kilikuwa kimezingirwa na hewa lakini mdomo ulikuwa sawa na maji, na kila kiwimbi kilipita juu yangu. Nilikaza mkanda nikakuta umekwisha kukazwa hadi mwisho. Mwalimu alinishika kwa nyuma akanigeuza chali, akanivuta hadi ukingoni, na hakusema neno mpaka nilipomaliza kukohoa. Kisha akauliza, "Hili umelinunua likufae wewe, au umenunua bei?"

Hilo lilikuwa juu ya maji, mahali pa salama. Chini hali ni nyingine. Hewa ndani ya jaketi kubwa haitulii. Hukimbilia palipo juu, na jaketi lisiloshika mwili huifuata. Mzamiaji anayetaka kulala sawasawa kama samaki hujikuta amesimama wima, miguu ikichimba mchanga na kuvunja matumbawe. Hupiga miguu zaidi, hupumua zaidi, na hewa yake huisha kabla ya wenzake. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Hewa hupungua ujazo kwa kina na hukua mtu anapopanda: kibofu kilichokuwa na lita moja kwenye mita 10 kitakuwa na lita mbili juu ya maji. Kwa hiyo anayepanda lazima atoe hewa njiani, na ili aitoe ni lazima mkono uijue valvu ilipo bila ya kuitafuta. Jaketi likiwa limezunguka mwilini, valvu ya begani imehamia kisogoni na ya kiunoni imeingia chini ya mbavu. Sekunde tano za kupapasa zatosha. Hewa hukua, mtu hupanda kasi, kasi huikuza hewa zaidi, na akishika pumzi kwa hofu mapafu yanaweza kupasuka. Ndiyo maana nasema hili si koti.

Tulipokwenda kumnunulia binti, mama yake alishika saizi ya kati. "Mwakani atakuwa amerefuka," alisema, na muuzaji naye akaafiki, kwa kuwa muuzaji huafiki. Tulikuwa karibu kulipa. Binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba, naomba nilivae na suti kwanza." Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilituchukua saa mbili.

Jaketi halijaribiwi juu ya shati. Hujaribiwa juu ya suti ya mpira utakayoizamia, kwa sababu suti ya machimbo yetu, yenye unene wa milimita 7, humnenepesha mtu kiasi ambacho kioo husema kweli kwa huzuni. Vaa, funga kila mkanda, kisha chukua pumzi ndefu. Ukiweza kuvuta pumzi kamili bila ya kubanwa, mwambie mtu alijaze jaketi mpaka valvu ianze kutoa hewa yenyewe, na uvute pumzi tena. Jaketi likikuminya kifua wakati limejaa, hilo ni dogo, na mtu asiyepata pumzi juu ya maji huingiwa na hofu haraka kuliko aliye chini. Kisha mwenzako asimame nyuma yako ayashike mabega ya jaketi na kuyainua juu kwa nguvu. Hapa ndipo saizi ya kati ilipoanguka mtihani: mabega yalifika masikioni mwa binti, kama yalivyonifika mimi. Jaketi linalofaa hupanda kidogo tu likasimama.

Tazama mikanda baada ya kuikaza. Ni lazima ibaki nafasi ya kukaza zaidi na nafasi ya kulegeza. Mkanda uliofika mwisho wake wakati wa kukaza unasema jaketi ni kubwa. Uliofika mwisho wakati wa kulegeza unasema ni dogo. Mkanda mpana wa tumboni, unaoshikana kwa velkro, ncha zake zikutane na kupandana vizuri, si kugusana kwa ukucha tu. Urefu wa kiwiliwili nao husahauliwa. Wawili wanaweza kuwa na kifua kimoja na viwiliwili mbalimbali. Jaketi refu kwa mtu mfupi huketi juu ya nyonga, likagombana na mkanda wa risasi, na likisukumwa na nyonga hupanda shingoni. Mabinti na kina mama huteseka hapa zaidi, kwa kuwa jaketi la kiume hukatwa refu na mikanda yake hupita kifuani pasipostahili. Yako ya kike, mafupi zaidi kiwiliwili, ambayo mikanda yake ya mabega imepindwa. Hayo si pambo. Ulizeni.

Baada ya hayo, fungeni mtungi halisi mgongoni pale pale dukani na mtembee nao. Inama, geuka, piga magoti. Mtungi ukiyumba kama mtoto asiyefungwa vizuri mgongoni, rudisha jaketi. Kisha fumba macho, na mwenzako akutajie: kitufe cha kutoa hewa, valvu ya bega la kulia, valvu ya chini nyuma, mfuko wa risasi wa kushoto, wa kulia. Mkono uende moja kwa moja. Binti yangu alikosea mara mbili kwenye jaketi la kati, na hakukosea hata mara moja kwenye dogo.

Watu huniuliza lipi bora, lile ambalo hewa yake huzunguka ubavuni au lile ambalo hewa yote iko mgongoni. La ubavuni humsimamisha mtu vizuri juu ya maji, na anayeanza hulipenda. La mgongoni humlaza vizuri chini, ila juu ya maji humsukuma kidogo kuelekea uso asipolizoea. Yote mawili ni mema yakimkaa mtu, na yote mawili ni mabaya yasipomkaa. Msishawishiwe pia na kibofu kikubwa kwa kudhani kwamba hewa nyingi ni usalama mwingi. Anayevaa suti nyembamba katika maji ya joto hahitaji nguvu ya kuinua sawa na anayevaa suti nene katika baridi. Kibofu kikubwa kisicho na kazi hukunjana, huficha hewa katika mikunjo, na humzuia mtu kwenda mbele.

Sasa suala la stara, ambalo najua baadhi ya mabibi wanalingoja. Suti ndefu ya mpira hufunika kuanzia shingo hadi vifundo, na kofia yake ya mpira hufunika nywele, masikio na shingo. Huku Marekani wanaume na wanawake huivaa kwa ajili ya baridi, wala hakuna anayeshangaa. Kwa kuwa suti hubana mwili, wapo mabinti wanaovaa kanzu fupi juu yake. Hilo linawezekana kwa sharti moja: kanzu iwe chini ya jaketi, kamwe isiwe juu yake. Ikiwa juu itafunika valvu na vishikizo vya kutupia risasi, na mwenzako anayetaka kukuokoa atashika kitambaa. Tena iwe fupi, isiyopepea, isije ikanaswa na vifungo. Na ikiwa ndiyo atakayoizamia, basi aivae siku ya kujaribu jaketi. Kwa mashuka na kanga, nafasi yake ni juu ya boti, tayari kwa kujitanda akitoka majini. Jambo jingine: kujaribu jaketi ni kazi ya kukaza mikanda kifuani na mara nyingine kati ya mapaja. Pigeni simu dukani kabla ya kwenda na muulize ni siku gani kuna mfanyakazi mwanamke. Sisi tulifanya hivyo mara ya pili na mambo yakawa mepesi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, tunaojifunza huku na kuzamia kwetu. Maji ya machimbo ni matamu na ni ya baridi. Ya Pemba ni ya chumvi na ni ya joto. Tofauti hizo mbili zinavuta huku na huku. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa kiasi cha asilimia 2.5, hivyo mtu ambaye pamoja na vyombo vyake vyote ana kilo 90 huhitaji zaidi ya kilo 2 za risasi kuongeza ili azame vile vile. Lakini akivua suti ya milimita 7 na kuvaa ya milimita 3, anapoteza sehemu kubwa ya kuelea kwake, na risasi hupungua. Tena mitungi ya aluminiamu, inayotumika sana kwenye vituo vya pwani yetu, huanza ikiwa mizito na humaliza ikiwa inaelea, kwa sababu hewa yenyewe ina uzito: mtungi wa kawaida uliojaa hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Kwa hivyo hesabu ya risasi uliyoiandika daftarini huku usiitumie huko. Pimwa upya siku ya kwanza: jaketi likiwa tupu, ukivuta pumzi ya kawaida, maji yakufikie machoni, ukiitoa pumzi, uzame polepole. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 hivi kwa ajili ya mwisho wa safari.

Na jaketi? Lililokukaa sawasawa juu ya milimita 7 huweza kupwaya juu ya milimita 3. Ndiyo maana ile nafasi ya kukaza ni muhimu. Sisi tulilijaribu la binti mara mbili, kwa suti nene na kwa suti nyembamba, na tulilichagua ambalo kwa suti nene mikanda ilikuwa katikati. Kama mngelazimika kuchagua suti moja ya kulipimia, lipimieni ile ya mahali ambako mtoto atazamia zaidi.

Tulipompigia simu bibi yake Pemba kumweleza habari hizi, alinyamaza kwa muda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, ilizama na mamia ya watu wakafa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe. Hakuna nyumba ya Pemba isiyojua mtu. Bibi akauliza, "Mwanangu, hilo jaketi ndilo lile la kumwokoa mtu meli ikizama?" Nikamwambia ukweli: hapana. Jaketi la kuokolea maisha limetengenezwa ili limgeuze chali hata mtu aliyezimia, uso wake uwe nje ya maji. Jaketi la mzamiaji halina ahadi hiyo, na mengine humlaza mtu kifudifudi akizimia. Akipanda boti kwenda kuzamia, mtoto avae jaketi la kuokolea maisha lililo sawa na uzito wake, na lile jingine alivae wakati wa kuingia majini. Bibi akasema, "Basi avae yote mawili kwa zamu, na aniletee nilione kabla." Ameahidiwa.

Wenye watoto wadogo zaidi wajue kwamba utaratibu wa PADI, uliozoeleka duniani, humpokea mtoto kuanzia miaka 10, naye asishuke zaidi ya mita 12 mpaka afike miaka 12. Kuanzia hapo hadi 14, mita 18. Kwa umri huo, ambao mwili hubadilika kila baada ya miezi sita, sioni sababu ya kununua. Kodisheni, na kila safari mfanye mtihani ule ule wa kuinua mabega. Anayenunua lililotumika alijaze hadi juu na kuliacha usiku kucha; asubuhi likiwa laini, lina tundu. Abonyeze kitufe cha kujaza mara ishirini na kuangalia kama kinarudi haraka, maana chumvi iliyoganda ndani hukikwamisha, na kitufe kilichokwama kikiwa wazi humpandisha mtu kama puto. Kila mwanafunzi ajue kuuchomoa mpira wa kujazia kwa mkono mmoja.

Baada ya bahari, jaketi lioshwe kwa maji matamu nje na ndani. Wengi husahau ndani: mimina maji kwa mdomo wa mpira, tikisa, geuza, toa kupitia valvu zote, kisha lijaze hewa nusu na ulitundike kivulini. La binti yangu linaning'inia sasa hivi bafuni likidondoka tone moja moja, na mama yake analalamika. Langu la zamani, lile kubwa, nililikata mikanda ili asije mtu akalitumia. Tunayo mawili mengine nyumbani, dogo na la kati, pamoja na suti za unene wa aina mbili. Mzazi anayetaka kumpima mwanawe kabla ya kwenda dukani anikute msikitini Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, au bintiye azungumze na mama wa nyumba.

Wassalaam.